Nyanya za Juani

Januari ile, kreti nzima kule Kabazi
iliteremka hadi bei ya robo ya sukari.
Dalali alikuja na lori, akabonyeza, akacheka,
akaondoka na lori lake tupu.
Akiba haiozi, husema watu.
Hawajanusa ghala la Kabazi mwezi ule.

Nyanya yangu hakumlaani.
Alinitumia kreti mbili kwa kijana wa bodaboda
na maneno ya mdomo:
Zipasue. Zitie chumvi. Jua halina dalali.

Nikazipasua. Kucha ziliniwasha siku tatu.
Nikazipanga juu ya mabati ya bafu la ploti, hapa Free Area,
nyuso juu, migongo chini,
nikazifunika kwa chandarua kilichokwisha kushindwa na mbu.
Upepo wa Menengai ulileta vumbi lake.
Kunguru wawili walikagua, wakaenda zao, wakarudi,
kama maafisa wa kaunti.
Na wapangaji wakaulizana kwenye kamba za nguo:
Nyamoita siku hizi anaanika mboga?

Siku ya sita zilikunjamana.
Nyanya zikawa nyanya:
ndogo, ngozi ya mikunjo, nyeusi kidogo pembeni,
utamu wote umerudi ndani
na hautaki kuzungumza na kila mtu.

Kreti mbili zilienea katika chupa tatu za jemu.
Nilikaribia kulia.

Sasa ni Mei, mvua haijui kuaga.
Sokoni nyanya tatu ni shilingi hamsini,
na moja kati ya hizo tatu ina siri upande wa chini.
Nimebakiwa na chupa moja.

Maji sufuriani, chumvi hadi yaonje kama chozi,
makaroni pakiti moja, na usitoke nje kupiga soga,
maana makaroni hulipiza kisasi.
Dakika ya nane moto wa gesi ulikohoa,
ukawa uzi wa buluu,
ukazima.
Tarehe ishirini na sita. Mtungi nikauinua kwa kidole kimoja.
Nikaonja: bado ina ugumu kidogo katikati, lakini inakubali.
Basi. Cha leo kitaliwa baridi.

Nikaichuja, nikaisuuza mpaka ikaacha kunata.
Nikafungua chupa. Harufu ya paa la moto ikajaa chumba.
Nyanya nikazikata nyembamba kama kamba za viatu,
nikamimina na mafuta ya alizeti zilimolala
na vitunguu saumu tangu Februari,
mafuta yamegeuka rangi ya udongo wa Subukia.
Kitunguu kibichi. Dhania ya Mama Chepkirui,
aliyonikatia juu ya ua bila kuuliza ni ya nini.
Nusu limau; nusu nyingine Kemunto ameilamba, anakunja uso, anarudia.
Karanga za kuponda, kwa sababu zilikuwepo.
Changanya kwa mkono. Mwiko huvunja.

Hodi.
Bwana Gathogo, daftari la kodi kwapani, matope hadi vifundoni.
Mgeni njoo, nikamwambia,
mwenyeji bado hajapona, lakini keti.
Hakuketi. Alitazama sahani.
Imepoa, akasema.
Imepoa, nikakubali.
Alichukua kijiko kama mtu anayetia sahihi asichokisoma,
akatafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena polepole.
Hii nyama ni ya nini?
Nyanya.
Nyanya gani?
Wa Kabazi, nikajibu,
nikasikia nimekosea ngeli,
nikaiacha vivyo hivyo.

Alikula sahani mbili, ya pili ameketi.
Kodi hakusamehe.
Aliandika Jumatatu
kwa penseli.

Kemunto anazungusha kidole ndani ya chupa,
anatafuta mafuta ya mwisho.
Nimemwambia alambe anavyotaka,
asiivunje tu.